Projesteroni, damu na kalenda ya ukutani

Mwanamke mwenye kizazi akiandikiwa homoni za ukomo wa hedhi hutoka duka la dawa na vitu viwili: istrojeni (kibandiko, jeli au kidonge) na projesteroni. Ya kwanza huipenda upesi, kwa sababu joto la ghafla hupoa na usingizi hurudi, na kwa fukuto la Mombasa mwezi wa Februari hilo si jambo dogo. Ya pili humletea usingizi mzito, tumbo kujaa na damu, basi huiacha kimyakimya. Hapo ndipo matata yanapoanza.

Istrojeni kwenye ukuta wa ndani wa kizazi ni kama hamira kwenye unga wa mahamri: huuumua. Unga ulioachwa kutwa nzima bila kukaangwa huchacha, na ukuta nao ukiumuka miezi na miezi bila kuzuiwa, seli zake hubadilika na baadhi zaweza kugeuka saratani. Projesteroni ndiyo inayosimamisha kuumuka huko. Katika utafiti wa PEPI wa Marekani, uliofuata wanawake 596 wenye vizazi kwa miaka 3, waliopewa istrojeni peke yake walipatikana 34 kwa kila 100 ukuta umekua kwa namna ya kutia wasiwasi. Waliopewa vidonge visivyo na dawa alikuwa 1 kwa kila 100. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida haihitaji projesteroni, na malai ya istrojeni ya dozi ndogo ya kupaka ukeni nayo haidai mwenzake.

Kuna mipango miwili, na ukiichanganya hutaelewa damu yako.

Kama hedhi yako ya mwisho haijatimiza miezi 12, hutumiwa mpango wa zamu: istrojeni kila siku, na projesteroni miligramu 200 wakati wa kulala, siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Chukua kalenda ile ya ukutani uliyopewa dukani. Umeanza kapsuli tarehe 1, umemaliza tarehe 12: damu itarajie kuanzia tarehe 13 hadi 15 hivi, siku chache, kama hedhi ya kawaida. Hiyo ni kazi ya dawa, wala si hedhi iliyorejea. Ikija tarehe 7, kapsuli zikiwa bado zinaendelea, jiulize umeruka ngapi. Kama hukuruka, huenda dozi haitoshi kwa istrojeni unayotumia. Istrojeni ikiongezwa, projesteroni nayo hutazamwa upya, na hili husahaulika mno. Wengine hawaoni damu kabisa ingawa wamemeza zote sawasawa, na hilo si la kuogofya.

Mpango wa pili ni wa waliopita mwaka bila hedhi: miligramu 100 kila usiku. Ukuta hubaki mwembamba na mishipa yake ni dhaifu, ndiyo maana miezi 3 hadi 6 ya mwanzo matone huja bila ratiba. Yakizidi miezi 6, au damu ikitoka baada ya kukauka kabisa, nenda kwa daktari wa kina mama. Pedi ikiloa kila saa kwa saa mbili mfululizo, usingoje kesho.

Kapsuli usiimeze juu ya sahani ya pilau: chakula huongeza kiasi kinachoingia damuni, na kichwa kitazunguka. Imeze ukiwa unapanda kitandani. Baadhi ya aina hutengenezwa kwa mafuta ya njugu, soma paketi kama njugu zinakudhuru. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huimaliza homoni mwilini upesi, kwa hiyo taja kila unachotumia.

Halafu Ramadhani. Wako wanaoacha projesteroni ili wafunge bila damu. Ni kinyume kabisa: kuiacha ndiko kunakoishusha damu! Zungumza na daktari tangu Shaabani, zamu huweza kusogezwa. Na matone yasiyo na ratiba ni hedhi au istihadha (damu isiyo ya hedhi)? Hilo muulize mwanachuoni wako.

Ukienda kwa ajili ya damu isiyo ya kawaida, daktari huanza kwa kuchungulia mlango wa kizazi, maana si kila damu inatoka ndani. Kisha huagiza picha ya ultrasaundi ya kupitia ukeni kupima unene wa ukuta. Kwa mwenye kumeza kila usiku, hadi milimita 4 hutuliza moyo. Kwa wa zamu, hadi 7. Ukizidi hapo, kipande kidogo huchukuliwa kwa mrija mwembamba, huuma dakika chache kama mchango wa hedhi. Ukiwa wa zamu, omba picha ipigwe damu ikishakwisha, kwa sababu kabla ya hapo ukuta ni mnene kwa kawaida yake. Nenda na kalenda, na paketi ya kapsuli zilizobaki.