Watoto Wachache, Vichwa Vingapi?

Bibi yangu alizaa watoto tisa, mama akazaa watano, nami ninao wawili na sitarajii kuongeza. Kila msimu wa korosho mama huniuliza nani ataokota siku yeye akichoka. Zamani nililiona swali hilo kuwa utani wa mzee wa Newala, kumbe wachumi nao wanaliuliza, ila wao hawahesabu mikono bali vichwa.

Mwaka 1990 mchumi Paul Romer alitoa hoja ambayo huku Mtwara inaelezeka vizuri kwa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mfuko wa salfa nikiupuliza kwenye mikorosho yangu umekwisha, jirani hapati hata chembe. Lakini ujuzi wa kuipuliza alfajiri, upepo umetulia na umande ungali majanini, ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, usichome maua, jirani akiuchukua mimi sipungukiwi na kitu. Ujuzi wa namna hiyo, ambao watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wameufanyia kazi kwa miaka mingi, ukishapatikana mara moja hutumiwa na maelfu ya wakulima bila kuchakaa, na ndiyo maana uchumi unaokuzwa na ubunifu huhitaji watu wengi wa kutafuta ujuzi mpya.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Mchumi Charles Jones, katika makala yake ya mwaka 2022, alionyesha kwamba idadi ya watu ikiendelea kupungua badala ya kutulia, watafiti nao watapungua, mawazo mapya yatakauka na kipato cha mtu kitadumaa. Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, ilhali wanahitajika takriban 2.1 ili kizazi kijazie nafasi yake.

Elimu imo pande zote mbili za mizani hii, kwa kuwa msichana aliyesoma huzaa wachache, lakini hao wachache huwasomesha zaidi. Nakubaliana na Jones kwa masafa marefu, maana elimu ina dari: watoto wote wakishasoma hadi juu, hakuna tena wa kuongeza, na kupungua kwa watu kutaonekana waziwazi. Ila sisi dari hilo hatujaligusa hata kwa ncha ya kidole. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliipa Tanzania wastani wa watoto 4.8, vichwa tunavyo, na vingi vinaishia njiani.

Namkumbuka mwenzangu wa kidato cha pili, ambaye mwalimu wa hesabu alikuwa akimwachia chaki amalizie swali ubaoni. Alipata ujauzito, akaondoka, na siku hizo hapakuwa na kurudi. Ruhusa hiyo ilikuja Novemba 2021. Leo anabangua korosho kwa kulipwa kwa kilo, na amebuni namna yake ya kuzipanga kwa ukubwa kabla ya kuzikata ili zisivunjike. Wenzake wawili wa benchi moja wameshaiga. Wa benchi la pili hawajui.