Visahani Viwili Chini ya Taa

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilikabidhiwa jaribio ambalo niliamini kuwa nalijua jibu lake hata kabla sijavaa glavu. Nilitakiwa kumulika kwa mionzi ya urujuanimno visahani viwili, kimoja kikiwa na seli za ngozi yenye afya na kingine seli za saratani ya ngozi, kisha nihesabu zilizokufa baada ya saa 24. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea kusikia kwamba mionzi huua saratani, sikuwa na shaka ni kisahani kipi kingeteketea.

Mara ya kwanza hakuna kilichotokea, kwani nilisahau kufunua vifuniko, nayo plastiki ile, ingawa machoni ni angavu, huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya UVB, yaani ile sehemu ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hadi 315. Aibu hiyo niliificha kwa siku mbili.

Mara ya pili nilifunua. Kesho yake, chini ya hadubini, seli nyingi zenye afya zilikuwa zimesinyaa na kuelea, na zilizobaki hazikuonyesha dalili ya kugawanyika. Zile za saratani zilikuwa zimepungua kidogo tu, na kadhaa nilizikuta zikigawanyika. Niliandika daftarini, kwa wino, kwamba lebo zilikuwa zimebadilishana.

“Lebo ziko sawa,” alisema mwalimu aliyenisimamia. “Wewe umehesabu zilizokufa. Zilizosalia zimebeba nini?”

Alinichorea. DNA, molekuli inayobeba maagizo ya seli, hufyonza UVB moja kwa moja, na besi mbili za thaimini (mojawapo ya “herufi” nne za DNA) zilizo jirani hugandana, hata unakili wake ukakwama au ukakosewa. Katika seli yenye afya, vimeng'enya hukikata kipande kilichoharibika na kukijaza upya, huku protini ya p53 ikisimamisha mgawanyiko mpaka ukarabati uishe. Uharibifu ukizidi, protini hiyohiyo huielekeza seli ijiue. Seli zangu za saratani zilikuwa na jeni mbovu ya p53, kasoro iliyo ya kawaida katika saratani ya seli bapa za ngozi, kwa hiyo nyingi hazikusimama wala hazikujiua, bali zilirithishana makosa mapya juu ya yale ya zamani.

Kisha akachora jambo ambalo mimi, niliyezoea kuviwaza visahani kimoja kimoja, sikuwa nimelifikiria kabisa: ngozi moja, seli zenye afya zimejaa, na katikati yake seli moja yenye p53 mbovu. Akazifuta jirani zake mojamoja, kama jua kali linavyofanya, na ile moja ikabaki na uwanja mtupu wa kuenea.

Nilirudi kwenye daftari, nikaikata kwa mstari sentensi yangu kuhusu lebo, na chini yake nikaanza safu mpya ya seli zilizosalia.