Newala panakalika, ila uliza kwanza habari ya maji

Tangu nirudi kuishi Newala, mkoani Mtwara, watu niliowaacha Dar wananiuliza swali moja: huko panakalika? Wanauliza kwa nia njema. Wengi ni watoto wa Kusini kama mimi, wameachiwa viwanja na mikorosho na wazazi wao, umri unasogea, na kodi ya nyumba Mbagala haipungui. Nimeona niandike kwa urefu mara moja, wote msome.

Panakalika, tena sana. Hewa ya huku juu ni ya baridi, Juni na Julai asubuhi hutoki bila sweta. Chakula cha shamba kipo: mbaazi, kunde, njugu mawe, muhogo, na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ikifika msimu wake. Hospitali ya wilaya ipo, shule zipo, umeme upo hata kwenye vijiji ambavyo nilipoondoka vilikuwa na koroboi. Jirani akiona moshi haujatoka kwako mpaka saa nne, anakuja kugonga mlango kukujulia hali.

Barabara nayo si ile. Niliondoka 2001, Rufiji tukiivuka kwa pantoni, na wakati wa masika kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliweza kumlaza mtu njiani na watoto wake, basi limenasa kwenye tope, watu wanapika porini. Daraja la Mkapa, la kuvukia mto huo, likafunguliwa 2003, lami ya kipande kile ikaja miaka mingi baadaye. Leo unatoka Mbagala alfajiri, na usiku wa siku hiyohiyo uko Newala. Mvua bado ina nguvu zake: Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar kwenda Lindi, magari yakakwama pande zote mbili. Kwa upande wa Mtwara, lami ilishafika Mnivata, na kilomita 160 za kutoka hapo kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi zinajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ikikamilika, mgonjwa wa kupelekwa Mtwara mjini atafika akiwa na nguvu za kumweleza daktari anapoumwa.

Sasa maji. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mtu anayepanga kurudi huwa anauliza bei ya tofali na bei ya korosho, maji hayaulizi.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele yako, na chini unaliona bonde la Ruvuma lote mpaka ng'ambo, Msumbiji. Maji yako kule chini, watu tuko huku juu. Udongo wetu ni wa mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, hakuna mto wala kijito. Wazee husema walipanda huku kukimbia misafara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni, wakachagua usalama, gharama yake ikawa kiu. Gharama hiyo wamelipa wanawake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaondoka usiku wa manane na wenzake, wanateremka bondeni, wanasubiri zamu kwenye chemchemi, wanapanda na mzigo kichwani jua likiwa limeshapanda. Alizaa watoto wake wote kati ya safari hizo. Kila nikifika pale ukingoni nikaangalia ule mteremko, siwezi kuongea.

Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za mkoloni, na miaka ya sabini watu wa Finland wakasaidia kuupanua. Maji yanavutwa kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari, yanapandishwa mamia ya mita mpaka huku juu kabla hayajagawanywa. Kazi yote hiyo ni ya pampu, na pampu inataka umeme. Umeme ukikatika, bomba linakauka. Sasa hivi Makonde imo katika mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, mikataba ilisainiwa 2022, na ninauombea ufanikiwe kwa moyo wangu wote. Lakini mtaani kwetu maji bado yanakuja kwa mgao, na kuanzia Agosti hadi Novemba, jua likiwa kali na korosho zinaanguka, dumu la lita 20 linauzwa kwenye baiskeli na bei inategemea siku.

Ndiyo maana nyumba ya Newala unaipima kwa kisima chake. Usifikirie kisima cha kuchimba mpaka ukute maji. Ni shimo kubwa uani, limejengewa na kusakafiwa kwa saruji, juu limefunikwa zege, na kwenye zege kuna mlango mdogo wa bati. Mvua inapiga kwenye bati la nyumba, inaingia kwenye mfereji, inateremka kisimani. Kisima cha mama kina kufuli. Ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga, halali bila kuugusa. Mvua ya kwanza ya mwaka hairuhusiwi kuingia: mama anageuza bomba limwage nje, kwa sababu miezi ya Juni na Julai watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na ule unga unatua mpaka kwenye mapaa. Mvua ya kwanza inaosha bati, ya pili au ya tatu ndiyo inapokelewa. Baada ya hapo anachungulia kila asubuhi kwa kamba yenye mafundo, fundo baada ya fundo, na mwezi wa nne ukifika anajua kwa hakika kama tutafika Desemba au tutanunua.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Paa la mita za mraba 80, hata ukikadiria mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linapokea lita 72,000. Nyingine zitapotea, sawa. Familia ya watu watano wakitumia lita 100 kwa siku, siku 200 za kiangazi zinataka lita 20,000. Maana yake mvua ya kututosha inatupitia juu ya vichwa vyetu kila mwaka. Kinachokosekana ni mfereji na shimo la kuihifadhi. Nimezunguka mtaani nimeona nyumba nzuri za vigae na madirisha ya alumini, zimejengwa na watoto walio mjini, hazina hata mfereji mmoja, na mama wa nyumba hiyo ana miaka sabini na ananunua maji kwa dumu. Hilo linaniuma kuliko nyumba ya udongo.

Korosho nitaisema kwa kifupi, maana mnaijua. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mji ulichangamka mpaka usiku. Wengi wetu hatujasahau Novemba 2018, Rais Magufuli alipokataa bei za wanunuzi, Serikali ikatangaza kununua kwa 3,300 na jeshi likapewa kazi ya kukusanya. Bei ilifurahisha, ila wapo waliosubiri malipo miezi na miezi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara 2007, mimi nauunga mkono: unapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, hela inaingia benki. Taabu iko kabla ya mnada. Mtoto anatakiwa shule mwezi wa saba, korosho bado ni maua, na mtu wa kangomba, yule mlanguzi anayenunua kwa bei ya chini nje ya mnada, anakuja na hela taslimu mkononi. Jirani yangu, mama mjane, alipewa shilingi 1,000 kwa kila kilo atakayovuna. Alipovuna, mzigo ukaondoka usiku. Simlaumu hata kidogo. Akiba ya chama ingekuwepo mwezi wa saba, asingeguswa.

Kuhusu ardhi: kwetu Wamakonde wa asili, ukoo unafuata upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Nilipofika nilikwenda kwake kwanza, kabla sijashika jembe. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu. Umerudi kukaa au umerudi kuuza?" Nilipomjibu nimerudi kukaa, alinyamaza kidogo, halafu akanipeleka mwenyewe shambani, mkorosho kwa mkorosho, akinionyesha upi alipanda bibi na upi umezeeka unatakiwa kukatwa. Wenzangu mnaotaka kurudi, nendeni kwa wajomba wakiwa bado hai. Mipaka mingi huku haijaandikwa popote, iko vichwani mwao.

Na kama utajenga, chimba kisima kabla ya msingi wa nyumba. Maji ya kukandia zege utayahifadhi humohumo, na paa likishaezekwa, mvua ya mwaka wa kwanza haitapotea. Mafundi wa visima wanapatikana kuanzia Mei, mvua zikikatika. Ukisubiri mpaka Oktoba, wote wako kwenye korosho.