Mama, insulini yake na safari ya Idjwi

Mara ya kwanza nilipomvusha mama kutoka Bukavu kwenda Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu huku Kongo, dawa yake niliiharibu mwenyewe. Niliweka chupa tatu za insulini ndani ya termosi iliyojaa barafu, nikajiona mjanja. Tulipofika kwa mjomba zilikuwa zimeganda. Nikaziacha ziyeyuke, mama akajichoma, na sukari haikushuka. Usiku kucha ni kunywa maji na kwenda chooni. Tukarudi kabla matanga hayajaisha.

Muuguzi mmoja wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, alinicheka, kisha akanifundisha. Insulini ikishaganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa zisizofunguliwa ndizo zinazotaka baridi ya digrii 2 hadi 8. Ile inayotumika hukaa nje ya friji wiki 4 hivi, mradi isipigwe na jua na joto lisipite digrii 25. Hapo nikapumua: Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Idjwi si tanuri kama Uvira.

Mwaka huu binamu alitolewa mahari, tukaalikwa. Nyumba ya mjomba haina umeme, kwa hiyo nilibeba vyungu viwili vya udongo, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Katikati nilijaza mchanga nikaulowesha asubuhi na jioni, juu nikafunika kitambaa chenye maji, nikaviweka kivulini panapopita upepo. Maji yakikauka huondoka na joto. Haikuwa friji, lakini ukigusa chungu cha ndani unasikia ubaridi. Chupa zilikaa humo ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine nikamfungia mama kwenye mkoba wake, maana mzigo mmoja ukianguka ziwani mnabaki na nini? Mashangazi waliniuliza kama nimekuja kufungua uganga.

Kilichonitisha hasa ni boti. Mama alijichoma nyumbani alfajiri ili tule tukifika. Boti ikangoja abiria, ikangoja magunia, na mama akaanza kutetemeka, jasho jembamba usoni, maneno yakimpotea. Nilimnywesha soda ya sukari, kisha ndizi mbili, akarudi. Tangu siku hiyo sindano haichomwi mpaka sahani iwe mbele yake, na soda haitoki mfukoni mwangu.

Kushuka pia nilimkatalia kuvua viatu. Watu hukanyaga maji na mawe pekupeku, lakini kidonda cha mguu kwa mwenye sukari hakiponi upesi. Alinung'unika: "Mwanangu, unanifanya mtoto." Tukagombana tena juu ya nanasi. Mananasi ya Idjwi ni matamu mno, na yeye amezaliwa kulekule. Tukapatana vipande viwili, baada ya bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Vyungu nilimwachia mjomba. Juzi amepiga simu kusema kasiksi yake, pombe ya ndizi, sasa inabaki baridi hadi jioni.