Jinsi nilivyowafunza mabaharia wa Lamu kueleza muda na safari kwa Kiingereza

Nahodha akimwambia mgeni "I worked on this boat for twenty years", mgeni husikia mtu aliyekwisha kuacha kazi, na huanza kujiuliza nahodha wa leo ni nani. Kumbe mwenye maneno alikusudia kwamba miaka 20 hiyo bado inaendelea na usukani anao yeye. Ilitakiwa aseme "I have worked on this boat for twenty years". Katika darasa la jioni la manahodha na waongoza watalii nilianzia hapo hapo, maana sentensi hiyo moja yaweza kumkosesha mtu abiria.

Majina ya nyakati za sarufi niliyaacha kando, nikaanza na usemi wao wenyewe. Mtu wa pwani husema "Nina miaka kumi katika kazi hii", "Nina saa mbili nakungoja", "Leo siku ya tatu sijalala". Akihamisha neno kwa neno atatoka na "I have ten years in this job", na mgeni ataelewa kwa kubahatisha tu. Kwa hiyo kila "nina muda fulani nafanya" niliugeuza kwa mpangilio mmoja: mtendaji, "have been", kitenzi chenye -ing, kisha muda mwishoni. "I have been waiting for two hours." "We have been rowing all morning." "He has been caulking this boat since Monday." Hii ya mwisho ni ya Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, ambako utamkuta fundi ameketi ubavuni mwa jahazi, akishindilia pamba kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo, mshono mmoja hadi mwingine. Kazi ya kurudiarudia namna hiyo, ambayo haijaisha, ndiyo hasa inayotaka -ing. Kujua hakutaki: "I have known this channel for years", kamwe si "have been knowing".

Kosa linaloshika ulimi kuliko yote ni "since two years", kwa sababu sisi "tangu miaka miwili" tunaisema bila shida. Dawa yake ni kujiuliza swali kabla ya kufungua mdomo. Kama jibu ni la "muda gani?", tumia "for": for two years, for a week. Kama ni la "tangu lini?", tumia "since": since 2015, since Ramadhan, since I was a boy. "All day" na "all night" hazitaki hata moja kati ya hizo. Halafu kuna saa zetu. Mtu aliyengoja tangu saa nne asubuhi husema "since four", na mgeni akadhani amekesha gatini tangu alfajiri. Saa nne ni "ten". Zoezi la saa nililifanya peke yake, bila kitenzi chochote, mpaka ulimi ukazoea.

Penye tabu zaidi ni -me-, na hapo sikuharakisha. Vitabu vingi huifananisha -me- na "have", na kwa "nimefika" au "nimevunja" inakubali. Lakini "nahodha amelala" ukiigeuza "the captain has slept", mgeni anaelewa kwamba nahodha amepumzika vizuri na yuko tayari kwa safari. Kwa kweli bado anakoroma: "the captain is asleep." Vivyo hivyo "nimechoka" ni "I am tired", "mashua imejaa" ni "the boat is full", "amesimama pale" ni "he is standing there". -me- ikieleza hali mtu au kitu kilivyo sasa, tumia "is". Ikieleza tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yapo, tumia "have". Nalo "nimemwona jana" linatupeleka kwingine kabisa: siku ikishatajwa na kupita, "have" hutoka. "I saw him yesterday." Ni kama kamba ya nanga: "have" ni kamba ambayo ncha yake ungali umeishika, na ukitaja jana umeshaiachia.

"He has gone to Shela" maana yake yuko kijijini Shela sasa hivi, usimngoje. "He has been to Shela" maana yake alikwenda akarudi. Anayepokea simu za wageni azishike hizi mbili barabara.

"How long have you been here?" huuliza siku ambazo mgeni amekwisha kukaa. Anayetaka kujua kama mgeni ana nafasi ya kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kesho, maji yakijaa, aulize "How long are you here for?", yaani ataondoka lini. Nawasihi wenzangu waongoza watalii mlitofautishe hili, kwa sababu majibu yote mawili huja kama "five days" na mipango yake haifanani.

Kwa masikio, wafundishe kwamba "it's been" ni "it has been", na Wamarekani hutamka "been" kwa ufupi, kama "bin". Wamarekani wengi pia husema "Did you eat yet?" pale ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" Zote zieleweke, lakini wanafunzi nawapa ya pili, kwani inakwenda sambamba na "sijala bado": "I haven't eaten yet."

Mazoezi yenyewe tuliyafuatisha safari ya kisiwa cha Pate. Chombo kikiondoka: "We have just left Lamu." Kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, kama maji yamepwa: "We have been waiting for the tide." Kabla ya Mtangawanda, gati la Pate: "We haven't arrived yet." Mguu ukigusa ardhi: "It has taken us three hours." Kesho yake, mtu akiuliza habari za safari hiyo hiyo, abadilishe: "It took us three hours."