Nani kamzingira nani?
Leo asubuhi nimechuchumaa mbele ya gogo lililooza, nusu saa nzima. Uyoga mweupe umechomoza kwenye ufa, mchwa wanapita chini ya gome, na mche mmoja mwembamba umeshusha mizizi humo humo ndani. Hili gogo limekufa, au ndiyo kwanza linaishi?

Siku hizi namsoma Arne Næss, mwanafalsafa wa Norwei aliyeleta dhana ya ikolojia ya kina mwaka 1973, yaani wazo kwamba kila kiumbe kina thamani yake chenyewe, si kwa faida ya binadamu tu. Alikataa ile picha ya binadamu kati, vitu vingine pembeni. Sasa tazama neno letu: mazingira, yaani vinavyotuzingira. Kumbe tunajiweka katikati tukitamka tu! Limenichoma hilo, maana neno hili nalipenda. Na hewa niliyovuta pale imepitia kwenye majani kabla ya kunifikia.