Michezo 31 kwenye orodha, kaseti saba nyumbani

Orodha yangu ya kwanza ya michezo ya video ya zamani niliyotaka kununua ilikuwa na majina 31. Niliiandika usiku mmoja hapa Katuba, Lubumbashi, umeme umekatika, mshumaa mezani, nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wa yaya, yaani ndugu yangu mkubwa. Kila jina lililonijia liliingia: Street Fighter II, Super Mario World, Donkey Kong Country, Starwing, Tetris, na ule wa kupiga bata kwa bunduki. Sikujiuliza kama mchezo ni mzuri. Nilijiuliza tu kama naukumbuka.

Zamani tulikuwa na Super Nintendo yetu, konsoli ya kuchezea michezo hiyo kwenye televisheni. Baba aliinunua kwa mwenzake wa kazini aliyerudi kutoka Brussels, na watoto wa barabara nzima walipanga zamu sebuleni kwetu mpaka mama awatoe saa ya bukari (ugali). Mwaka 1997, mishahara ilipokawia miezi na miezi, konsoli iliuzwa pamoja na kaseti zake zote. Nilikuwa na miaka 12. Sikulia mbele ya baba, maana nilimwona alivyoibeba kutoka nyumbani, ameifunga kwa kitambaa cha mama. Lakini niliapa kwamba siku moja nitairudisha.

Zamu yangu ya likelemba, kile kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ilipofika, nilitenga dola 200. Fedha hiyo kwetu si ndogo, kwa hiyo kila kaseti ilibidi ijitetee.

Nilianza vibaya. Binamu yangu anayeishi Texas alinipatia Super Nintendo iliyotumika, na ndani yake Street Fighter II, ikasafiri na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani kwa ajili ya msiba. Furaha ilinizidi, sikusoma maandishi madogo kwenye adapta: volti 120. Ukutani kwetu ni 220. Nilisikia mlio mfupi, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebule.

Niliipeleka kwa papa mmoja fundi, karibu na soko la Kenya (komini, yaani kata ya mji wetu, si nchi). Aliifungua, akapima, akaniambia, "Mama, tulia. Aliyekufa ni adapta, mashine ni nzima." Chini ya ile adapta pameandikwa inachotoa: volti 10 za DC, miliampea 850. Alikata waya wenye kichwa chake, akauunganisha kwa risasi na adapta nyingine ya 220 inayotoa kiasi hichohicho, akapima chanya na hasi mara mbili kabla ya kuniruhusu kuwasha. Kama na wewe unaletewa konsoli kutoka ng'ambo, tazama hapo kwanza. Ya Marekani inataka 120, ya Japani inataka 100, ya Ulaya ndiyo inayopatana na umeme wetu.

Jioni ile tukawasha Street Fighter II, mimi na yaya. Baada ya dakika mbili yaya akaweka chini maneti, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. "Mbona inakimbia hivi?" Na kweli, ngumi zilikuwa zinafika kabla sijazuia. Nilidhani mikono yangu imezeeka.

Sababu yake ndiyo iliyobadilisha namna yangu yote ya kuchagua. Televisheni za Ulaya za wakati ule zilichora picha mara 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani mara 60. Michezo mingi iliyotengenezwa Japani ilihamishiwa Ulaya bila kurekebishwa, hivyo mwendo wake ukapungua kwa sehemu moja ya sita, na juu na chini ya kioo pakabaki vipande vyeusi. Vile vipande navikumbuka! Nilikuwa nikiamini ni kasoro ya televisheni yetu. Kumbe konsoli ile ya Brussels ilitupa Street Fighter II iliyochoka, nasi tukaipenda hivyohivyo. Mchezo niliokuwa nikiutamani kwa miaka karibu thelathini haukuwa ule walioutengeneza Capcom mwaka 1991. Usiku huo nilielewa kwamba kumbukumbu yangu haiwezi kuwa mnunuzi. Nilihitaji mtu asiye na kumbukumbu.

Nyumbani yuko: mtoto wa yaya, miaka 11, amezaliwa kwenye simu za kugusa. Mwenzangu wa kazini aliniazima kwa wiki mbili kile kikonsoli kidogo ambacho Nintendo walitoa mwaka 2017, chenye michezo 21 ya Super Nintendo ndani yake. Kinachonipendeza ni kwamba kinaendeshwa na waya wa USB, na hata toleo lake la Ulaya linacheza kwa mwendo wa 60. Ningekinunua chenyewe mambo yakaisha, lakini utengenezaji wake ulishasimama, na vingi vinavyouzwa sasa ni vya kuiga.

Jaribio lilikuwa hivi. Namweka mtoto mbele ya mchezo, sisemi neno, simfundishi, naenda kupika. Saa moja. Kesho yake akiuomba mwenyewe, unabaki kwenye orodha. Asipoutaja, naufuta, hata kama mimi naupenda.

Super Mario World haukuhitaji hata saa moja. Ni wa mwaka 1990, na maelezo yake ni machache, lakini kila hatua inakufundisha hatua inayofuata: rahisi kwanza, ngumu baadaye. Alicheza mpaka umeme ukakatika, akakaa gizani ameshika maneti. Super Mario Kart, wa mwaka 1992, ulinishangaza zaidi. Alianza kwa kusema, "Tantine, picha zake ni mbaya." Nilimwacha. Niliporudi kutoka jikoni, walikuwa watoto wanne sebuleni, wawili wanaendesha na wawili wanagombania zamu, kama sisi. F-Zero, ambao ni wa mbio pia na una mwendo mzuri ajabu, hakuuomba tena, na sababu naijua: unachezwa na mtu mmoja tu. Kwenye uwanja wenye watoto sita, mchezo wa mtu mmoja una kesi nzito.

Super Ghouls'n Ghosts alidumu nao dakika kumi. Ni mgumu kupita kiasi, na ukifika mwisho unarudishwa mwanzo uupite mara ya pili. Watu wa rika langu wanausifu. Mimi naona ugumu ule ulikuwa na maana pale ulipokuwa na kaseti mbili tu kwa mwaka mzima.

Starwing uliniumiza. Mwaka 1993 kaseti yake ilikuwa na chipu ya ziada, Super FX, iliyoiwezesha konsoli kuchora ndege za pembetatu angani, na sisi tulikaa midomo wazi. Leo picha zinasogea kwa kushtuka, chache mno kwa sekunde. Mtoto aliutazama, akacheza kwa adabu, kesho yake hakuutaja. Nikaufuta kwa kalamu ya risasi, taratibu.

Zelda, A Link to the Past, ulikwama kwa sababu nyingine. Umejaa maandishi, na ya kaseti za Marekani ni Kiingereza, wakati mtoto anasoma Kifaransa shuleni. Toleo la Kifaransa lilitoka Ulaya, lakini kaseti za Ulaya hazikubaliki kwenye konsoli ya Marekani: umbo lake ni tofauti, na ndani kuna chipu ya kufunga. Nilikuwa nimeshaufuta. Kisha usiku mmoja nikaketi pembeni yake, nikawa namsomea kwa Kiswahili kila anachosema mzee wa kijiji, naye anaendesha. Usiku wa tatu mama yangu naye akavuta kiti, akauliza binti mfalme ameshatoka kifungoni au bado. Nikaurudisha.

Mama hakuwa kwenye hesabu zangu kabisa. Tetris tuliununua kwa ajili ya mtoto, pamoja na Game Boy ya kijivu ya zamani, ile ya mwaka 1989. Kwa mji wetu hiyo ndiyo mashine ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote: inatumia betri nne ndogo za kawaida, haijali volti za ukutani, na inakubali kaseti za nchi yoyote. Kioo chake hakina taa, kwa hiyo mama huicheza uani mchana, chini ya mwembe, na sisi tunasikia tu muziki. Kaseti ya Tetris haina hata betri ya ndani ya kufa.

Hilo la betri ya ndani lisikupite. Kaseti za michezo mirefu kama Zelda huhifadhi ulipofika kwa betri ya CR2032 iliyounganishwa kwa risasi, na nyingi sasa zimechoka. Mchezo wenyewe hauharibiki, unapoteza tu safari yako. Papa fundi aliibadilisha. Skrubu za kaseti hizi zina kichwa cha ajabu, cha milimita 3.8, na bisibisi yake hakuwa nayo, basi akayeyusha ncha ya bomba la kalamu ya Bic, akaibana juu ya skrubu mpaka ikapoa na kushika umbo, akafungua. Alinikataza pia kupuliza kaseti kwa mdomo kama tulivyozoea. Mate huozesha miguu ya shaba. Tunatumia pamba na alkoholi.

Mjini kwenyewe nilipata kidogo. Muuzaji mmoja alinionyesha mashine ya kuiga yenye kaseti ya "michezo 400", na bunduki ya kupiga bata. Mtoto alipekua orodha yake, akagundua yaleyale yanarudi kwa majina mengine. Bunduki nayo inahitaji televisheni ya zamani yenye tumbo: ukivuta, kioo huwa cheusi na bata huwa mraba mweupe kwa muda mfupi sana, na jicho la bunduki husubiri mwanga huo kwa wakati wake kamili. Televisheni bapa huuchelewesha. Ya kwetu ni bapa. Nikafuta.

Kwa muuzaji mwingine nilinunua Donkey Kong Country, ya bandia. Ilikuwa nyepesi mkononi, na fundi alipoifungua tukaona tone jeusi la plastiki mahali pa chipu. Muuzaji alinirudishia nusu ya fedha. Ile halisi ililetwa na binamu baadaye, na kabla ya kumruhusu alipe nilimwomba anitumie picha ya mbele, ya nyuma na ya miguu ya shaba.

Yaya aliwahi kunishauri tununue zaidi, tufiche, tutajirike. Alikuwa amesikia kwamba Julai 2021 kaseti moja ya Super Mario 64 iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola milioni 1.56. Ni kweli, lakini ile haikuwahi kufunguliwa, ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Zetu zina majina ya watoto wa watu kwa kalamu. Upande wake yeye ana PlayStation 2 na Pro Evolution Soccer 6, na hapo simpingi. Kwenye sehemu ya kuhariri alitengeneza timu nzima ya Mazembe, klabu ya mji wetu, ile iliyofika fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010 na kufungwa na Inter 3-0, na kwenye televisheni yake fainali hiyo inarudiwa kila Jumapili, na kipa Kidiaba hafungwi.

Kaseti zilipofika sita, hesabu ilionyesha dola 14 zimebaki. Nilipanga kununua maneti ya tatu. Badala yake nikamwandikia binamu anitafutie Starwing, akajibu hakuna kitu hicho Texas, ndipo nikakumbuka kwamba Marekani jina lake lilikuwa Star Fox. Ilifika mwezi uliopita. Mtoto haichezi. Naicheza mimi, saa nne usiku, wakishalala wote, sauti nimeipunguza, na kwenye ile sayari ya pili bado nakunja kushoto mahali palepale yaya aliponionyesha.